Jibu: Lanercost, kwa nini nusu ina paa na nusu haina?

Ndugu, umeuliza kwa nini kanisa la Lanercost, kaskazini mwa Uingereza, nusu ni gofu na nusu bado lina ibada. Jibu lipo kwa mfalme Henry VIII. Alipozivunja nyumba za watawa miaka ya 1530, Lanercost ikiwemo, upande wa magharibi walikokaa waumini ukabaki kanisa la parokia. Upande wa mashariki, penye altare kuu, haukutunzwa, ukabaki bila paa.

Makanoni wa Mt. Augustino, yaani mapadre walioishi pamoja kama watawa, waliletwa hapo na Robert de Vaux mnamo 1169 hivi. Ukifika, usiishie kanisani. Zunguka kusini, kwenye ua wa watawa, uingie ghala la chini lenye dari ya matao. Juu yake ndipo ulipokuwa ukumbi wa chakula. Kwangu hapo ndipo pazuri kuliko pote. Kisha chunguza kuta: mawe mengi yalitolewa kwenye ukuta wa Hadrian, ukuta wa ulinzi wa Warumi ulio jirani, kwa hiyo unagusa mawe yaliyochongwa na Warumi.

Baada ya watawa kuondolewa, Thomas Dacre, aliyepewa mahali hapo na mfalme Henry, aligeuza jengo la magharibi mwa ua kuwa makazi yake. Zamani zaidi, enzi za watawa, mfalme Edward I, akiwa mgonjwa, alikaa Lanercost miezi kama mitano, 1306 hadi Machi 1307. Julai akafariki kijiji cha Burgh by Sands, si mbali na hapo.