Maswali na majibu ya sheria: Je, Mahakama Kuu inaweza kumwondoa Rais?

SWALI: Wakili, shikamoo. Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tunabishana tangu Naibu Rais wa Kenya, Rigathi Gachagua, aondolewe Oktoba 2024. Mwenzetu anasema hata rais ni mshtakiwa kama wengine: ukiwa na ushahidi unafungua kesi, jaji anamtoa. Kuna bwana anayeandika hati za mahakama, amekubali kututayarishia maombi ya Mahakama Kuu ili tujaribu. Tumeanza kuchangishana. Inawezekana?

JIBU: Marahaba. Msimpe hata senti.

Mfano mliouchukua wenyewe unawakana. Gachagua hakuondolewa na jaji. Wabunge 281 wa Bunge la Taifa walipiga kura, kisha Seneti ikamalizia siku chache baadaye, mwenyewe akiwa amelazwa hospitali. Kesi ya wizi wa kuku ingeahirishwa. Seneti haikuahirisha, kwa sababu kura zilikuwa tayari. Kati ya tuhuma 11 ilithibitisha tano, na moja ingetosha.

Kwetu njia imeandikwa katika Ibara ya 46A ya Katiba, na haipiti kwa mwananchi wala kwa msajili wa mahakama. Inaanzia kwa wabunge: asilimia 20 ya wabunge wote watie saini taarifa ya maandishi, impate Spika siku 30 kabla ya kikao. Kisha theluthi mbili ya wabunge wote wakubali kuunda Kamati Maalum ya Uchunguzi. Kamati ikimaliza, ndani ya siku 90, theluthi mbili nyingine waseme tuhuma zimethibitika.

Hapo ndipo watu wanaponichosha. Wanasoma kwamba mwenyekiti wa kamati ni Jaji Mkuu, na Jaji Mkuu wa Zanzibar ni mjumbe, basi wanatangaza: “Si umeona, ni mahakama!” Siyo. Wajumbe saba waliobaki wanateuliwa na Spika kwa kuangalia uwiano wa vyama, na kamati yenyewe haitoi hukumu, inaleta taarifa. Anayeamua ni mbunge, yule yule ambaye akiacha kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti, na kwa desturi yetu mwenyekiti wa chama tawala ndiye Rais. Hata tuhuma zenyewe zina nafasi pana: “mwenendo unaodhalilisha kiti cha Rais” hauna kifungu katika Kanuni ya Adhabu. Unapimwa kwa macho ya watu wenye vyama.

Marekani nako ni vile vile. Mwaka 1868 Rais Andrew Johnson alinusurika kwa kura moja. Mwaka 2021 maseneta 57 walimwona Donald Trump ana hatia na 43 wakakataa. Walio wengi walishindwa, maana zilihitajika 67. Mtaniambia Rais Richard Nixon aliangushwa na kanda za sauti, zile za mazungumzo yake mwenyewe ofisini kuhusu kashfa ya Watergate. Kweli, lakini kanda zile zilifanya kazi kwa kuwahamisha maseneta wa chama chake mwenyewe. Alipoambiwa kura za kumwokoa hazipo, alijiuzulu Agosti 1974 kabla Baraza la Wawakilishi halijapiga kura. Korea Kusini ni tofauti kidogo: Bunge likishapiga kura, Mahakama ya Katiba ndiyo yenye neno la mwisho, na mwaka 2004 ilimrudisha Rais Roh Moo-hyun kazini. Sisi hatuna kitu hicho.

Sasa huyo bwana wenu. Rais akiwa madarakani, Ibara ya 46 inakataza kumshtaki kwa kosa lolote la jinai. Kwa hiyo hati atakayowaandikia ama itakataliwa masjala, ama itatupwa siku ya kwanza, na hela amekula. Vishoka wa aina hii nawaona kila wiki nje ya mahakama, na siasa ndiyo bidhaa yao mpya tu. Ile ya zamani ni mirathi na viwanja: wanamwandikia mjane rufaa isiyo na kichwa wala miguu, muda wa kukata rufaa unapita, ndipo analetwa kwangu na bahasha. Wakili halali ana namba na leseni ya mwaka husika, na jina lake linaonekana kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kuangalia ni bure, kwa simu yoyote yenye intaneti.

Michango mliyokusanya warudishieni wenyewe. Kama ameshapokea, mdaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na hakikisheni mnaandikiana.