Kwetu ni kambini

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ukiulizwa kwenu ni wapi, unataja alikotoka babu yako au ulikozaliwa wewe?" Mimi nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge wilayani Korogwe, Tanga. Babu mzaa baba, Mngoni, alitoka Songea. Kwa miaka mingi nilijibu "Songea" haraka haraka ili nisiulizwe swali la pili. Siku hizi najibu "kambini".

Babu aliletwa na lori la SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza mwaka 1944 kukusanya vibarua wa mbali. Kila kibarua alipewa namba, na ndipo lilipotoka jina la manamba. Kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda. Siku aliyougua, au aliyoshindwa kumaliza hesabu ya vitita vyake, mnyapara hakuitia alama, na mshahara haukutoka mpaka kipande kijae. Alikuja kutafuta mahari akaoe kwao. Akaoa huku huku, Mzigua wa kijiji jirani, na Songea hakurudi tena.

Wangoni huhesabu ukoo kwa baba. Wazigua wa zamani walihesabu kwa mama. Kwa hiyo baba yangu angeweza kudai kote kuwili, na kote kuwili alinyimwa. Alipoomba eneo la kulima, baada ya bei ya mkonge kuanguka na kambi kukosa kazi, aliambiwa yeye ni mtu wa kuja. Alipofunga safari kwenda Songea kuwaona baba zake wadogo, walimchinjia kuku, wakampa mkeka mpya, na siku zote tatu wakamwita "mgeni wetu wa Tanga". Hakuna aliyemkosea. Lakini aliporudi alikaa kimya wiki nzima, nami nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa ukimya ule.

Shuleni tulitaniwa kuwa watoto wa manamba, na haukuwa utani mzuri. Wapo ndugu zangu, watu wazima wenye kazi zao, ambao mpaka leo hawataki watoto wao wajue neno hilo. Nawaelewa, ila nasema wazi kwamba wanakosea. Namba ile babu alipewa na wengine. Maisha aliyoyajenga juu yake ni ya kwake, na ndiyo yaliyotuzaa.

Kilichonibadilisha ni safari yangu mwenyewe ya Songea. Nilikwenda Februari, wakati wa kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Mzee mmoja wa ukoo wetu alinisimulia njaa iliyofuata vita, Wajerumani walipochoma maghala na mashamba, na jinsi vijana walivyozoea kutoka kutafuta vibarua mbali tangu hapo. Nikamwambia, kwa uchungu kidogo, kwamba sisi wa Tanga tumepoteza kwetu. Akanitazama. "Mwanangu, hata sisi hapa tulikuja."

Ni kweli. Wangoni waliondoka kusini kabisa mwa Afrika nyakati za vita vya Shaka, mfalme wa Wazulu, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na vizazi vya baadaye ndivyo vilivyofika Songea. Huko wakawakuta Wandendeule, Wamatengo na wengine, na wengi wa wenyeji hao, kwa kutekwa ama kwa kuoana, wajukuu wao leo ni Wangoni. Hata mkonge wenyewe ulikuja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Tanga nzima ikajulikana duniani kwa mmea huo, wala sijasikia mtu akiuambia mkonge urudi kwao.

Kambini kwetu walikuwepo Wabena, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde. Jamaa wa damu walikuwa mbali, safari ya siku nyingi, na maiti haingoji. Basi waliozikana ni watani. Babu alipofariki, mzee wa Kinyamwezi wa nyumba ya tatu alishuka kaburini akalala chali, akaapa kwamba Mngoni huyu haingii mpaka alipiwe kodi ya ardhi. Bibi alicheka huku machozi yanamtoka. Watu wakachanga, mzee akapanda, kisha yeye huyo huyo akampokea babu kwa mikono miwili na kumlaza taratibu. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni ndugu yetu.

Baba naye amezikwa pale pale, nyuma ya korona ya zamani, mtambo wa kusaga majani ya mkonge, ambayo haisagi tena. Aliyeshuka kaburini ni mjukuu wa yule Mnyamwezi. Tulisoma naye darasa moja, na yeye pia Tabora anaijua kwa kuisikia tu. Mama yake sasa ni mgonjwa wa kitandani. Siombei lije, lakini likija, zamu ya kushuka ni yangu, na nimeshamwambia sitakuwa mbali.