Castiglione alichora tu, au alijenga pia?

Ndugu, umeuliza kama Giuseppe Castiglione alikuwa mchoraji tu wa wafalme wa China. Hapana, alisanifu majengo pia.

Alizaliwa Milan mwaka 1688, akawa bruda wa Shirika la Yesu, akafika Beijing mwaka 1715. Huko walimwita Lang Shining, na alitumikia wafalme watatu mfululizo: Kangxi, Yongzheng na Qianlong. Alitumwa kwa ajili ya dini, lakini ikulu ilitaka brashi yake zaidi kuliko mahubiri. Tazama picha yake ya farasi mia moja, ya 1728: hariri yenye urefu wa karibu mita 8, farasi wamenona kwa mtindo wa Kiitalia, ila vivuli amevipunguza sana. Wakubwa wa ikulu hawakupenda nyuso zenye kiza upande mmoja.

Ujenzi ulikuja uzeeni. Qianlong alitaka makasri ya Kizungu katika bustani ya Yuanmingyuan, Castiglione akayasanifu, na Mfaransa Michel Benoist akashughulikia mitambo ya maji. Kilichonivutia mimi ni ile saa ya maji: wanyama 12 wenye vichwa vya shaba, kila mmoja akirusha maji kwa zamu ya saa mbili, na saa sita mchana wote kwa pamoja.

Alifia Beijing mwaka 1766, hakurudi kwao. Makasri yenyewe yaliporwa na kuchomwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860.