Koga kwenye mito ya viti vya barazani

Ndugu yangu wa Tanga, umeuliza kwa nini mito ya viti vyako vya barazani huota koga kila masika ingawa unaifua kwa sabuni. Kwa maoni yangu tatizo haliko kwenye foronya bali ndani ya sponji, ambayo hunywa maji na kukaa nayo kwa siku kadhaa huku nje ikionekana kavu. Bonyeza mto kwa kiganja karibu na zipu, nawe utaona matone yakichuruzika. Baada ya mvua, simamisha mto wima zipu ikiwa chini ili maji yatoke, kisha toa sponji uianike penye upepo mpaka ikauke kabisa. Kwa kuwa unakaa karibu na bahari, suuza foronya kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi huvuta unyevu kutoka hewani.

Madoa yaliyokwishatokea yapake siki nyeupe, uyaache kwa saa moja, kisha uyasugue. Lakini tafadhali sana, usiichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kufulia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Tena usifunike mito yenye unyevu kwa turubai, kwa sababu mvuke hukosa pa kutokea.