Ukitengeneza fomu ya ridhaa ya mgonjwa, anzia kwenye "hapana"

Kama umepewa kazi ya kuhamisha fomu za ridhaa kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye simu au kishikwambi, huenda ukaanza pale nilipoanzia mimi. Utachukua karatasi ya kurasa tatu, utaichapa aya kwa aya, kisha chini kabisa utaweka swali moja: "Je, unakubali kushiriki?" Majibu mawili, ndiyo na hapana. Utaijaribu ofisini, itafunguka vizuri, na wiki inayofuata taarifa zitaanza kuingia kwenye seva.

Mimi nilifanya hivyo kwenye mradi wa kufuatilia wagonjwa wa presha na kisukari majumbani, mkoani Tanga. Baada ya miezi miwili karibu kila mtu aliyetembelewa alikuwa amekubali. Nilipeleka matokeo hayo kikaoni nikiwa na furaha. Muuguzi mmoja wa siku nyingi, mama aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, akaitazama ile orodha na kuniuliza, "Waliokataa wako wapi?"

Sikuwa na jibu, ikabidi nirudi kwenye fomu. Hapo nikaona kwamba mtu akisema hapana, fomu ilijifunga bila kuhifadhi chochote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepanda mlima saa nzima kwenda kwa mgonjwa, kisha akakataliwa, hakubaki na kitu cha kuonyesha kwamba alifika. Na posho yake ilihesabiwa kwa idadi ya fomu zilizotumwa. Mimi ndiye niliyeipanga hivyo, bila kufikiri, kwa sababu nilikuwa nawaza tu safari ya mtu anayekubali. Tangu siku hiyo kila fomu ya ridhaa naanza kuijenga upande wa hapana, na ndivyo ninavyokushauri wewe unayeingia kwenye kazi hii.

Maana yake kwa vitendo ni kwamba hapana ihifadhiwe na itumwe kama jibu lingine lolote, lakini bila jina wala namba ya simu ya aliyekataa: tarehe, kijiji na namba ya mhudumu vinatosha. Sababu ya kukataa iulizwe kwa hiari, na mhudumu aweze kuiruka. Kukataliwa kuhesabiwe kuwa kazi iliyofanyika, na hili lizungumze na wanaolipa posho kabla hujagusa kompyuta. Mwisho mgonjwa asomewe maneno kama haya: "Asante kwa kunisikiliza. Dawa zako na kliniki yako vinaendelea kama kawaida." Maswali yanayofuata yafungwe kwa sharti la jibu la ndiyo, na kwenye fomu za ODK na KoboToolbox, programu za kukusanya taarifa kwa simu, sharti hilo linaandikwa kwenye safu iitwayo relevant ya jedwali la kutengenezea fomu. Usifanye kosa nililoliona kwenye fomu nyingi, la kuzuia hapana kwa ujumbe unaosema "Chagua ndiyo ili uendelee." Mhudumu aliyechoka akiona ujumbe huo atabonyeza ndiyo tu.

Tena watu wetu, hasa watu wazima, hawamkatalii mgeni usoni. Bibi hatakwambia "sikubali." Atakwambia, "Haya mwanangu, wewe ndiye unayejua." Mama mwenye watoto wadogo atasema, "Ngoja baba watoto arudi." Mzee atasema, "Tutaangalia, inshallah," kisha ataanza kukuuliza habari za nyumbani kwenu. Fomu yenye ndiyo na hapana peke yake inamlazimisha mhudumu kuyageuza maneno hayo yote kuwa ndiyo. Weka jibu la tatu: "Anataka muda wa kufikiri au kushauriana," na pembeni yake tarehe ya kurudi. Na siku ya mafunzo usipoteze asubuhi nzima kuonyesha namna ya kuwasha kishikwambi. Wagawe wahudumu wawili wawili, mmoja awe mgonjwa na atumie kauli hizo hizo, mwenzake aamue abonyeze wapi. Watabishana sana, na uwaache wabishane. Kwa maoni yangu "wewe ndiye unayejua" si ridhaa hata kidogo. Ni heshima tu, na mara nyingine ni woga.

Sasa maneno yenyewe. Karatasi yetu ya kwanza ilisema, "Taarifa zako zitasimbwa na kuhifadhiwa kwenye seva salama, na zitafikiwa na watu walioidhinishwa pekee." Ni Kiswahili sanifu, lakini hakimwambii mtu anachotaka kujua. Anachokiogopa ni jirani, mwenyekiti wa kitongoji na wakwe zake. Tuliandika upya hivi: "Utakayoniambia yataingia kwenye simu hii, halafu yatatumwa kwenye kompyuta ya mradi. Watakaoyasoma ni daktari wa kituo chako na watu wawili wa mradi. Jirani hatayaona, uongozi wa kijiji hautayaona, wala watu wa nyumbani kwako." Ila usiandike hivyo mpaka uwe umehakikisha ni kweli. Mimi nilipokwenda kuhakikisha, nilikuta watu wenye nywila ya kuingia kwenye seva ni wengi kuliko tulivyodhani, ikabidi tuwapunguze kwanza ndipo tuiandike sentensi.

Kwenye damu uwe mwangalifu zaidi. Pwani yetu ina habari za mumiani tangu enzi za mababu, na mtu akisikia "sampuli itasafirishwa kwa uchunguzi zaidi" hana kosa akiingiwa na wasiwasi. Mwambie ni kiasi gani, kwa kipimo anachokijua: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mwambie inapelekwa maabara gani, inapimwa nini, na ikibaki inafanywaje.

Skrini moja ibebe jambo moja, sentensi tatu au nne. Maandishi marefu ya kushusha kwa kidole hayasomwi na mtu. Milimani kuna wazee ambao Kiswahili wanakisikia lakini wanafikiri kwa Kisambaa, kwa hiyo tulirekodi maelezo kwa sauti ya mama mmoja wa huko huko na kuyaweka ndani ya fomu, mhudumu akibonyeza yanasikika hata pasipo na mtandao. Kama mgonjwa hajui kusoma, ukiweza kufanya jambo moja tu, fanya hilo.

Kabla ya swali la ridhaa weka swali la kupima kama mtu ameelewa. Letu lilikuwa, "Bibi, ukikataa leo, kliniki yako itakuwaje?" Mhudumu husikiliza, kisha huchagua kama jibu ni sahihi au si sahihi. Akijibiwa "nitanyimwa dawa," fomu inamrudisha kwenye maelezo. Swali hili lilitufundisha mengi kuliko ripoti zote, kwa sababu waliotujibu hivyo hawakuwa wachache, na wote hao mimi ningeshawahesabu kuwa wamekubali.

Usiyafunge mambo yote kwenye ndiyo moja. Kutembelewa nyumbani ni jambo moja, kutumiwa ujumbe mfupi ni jingine, taarifa kutumika kwenye utafiti ni la tatu, na mtu ana haki ya kukubali hili akakataa lile. La ujumbe mfupi linapuuzwa mno. Simu nyingi vijijini ni za nyumba nzima. Namba ya bibi inashikwa na mjukuu. Kumkumbusha mtu dawa ya presha huenda kusilete shida, lakini mteja wa VVU ambaye hajamweleza mwenzake anaweza kupoteza ndoa kwa ujumbe mmoja. Uliza, "Simu hii nani mwingine huishika?" Kisha mwache achague maneno ya ujumbe. Wengi walichagua "Habari, usisahau miadi yako," basi.

Sahihi nayo ina mambo yake. Kidole kilichoshika jembe miaka 40 kina ngozi ngumu, na kioo mara nyingi hakikisikii. Mzee anasugua, hakuna kinachoonekana, anaona aibu mbele ya wajukuu. Beba kalamu ya kuandikia kwenye kioo cha simu. Kwa asiyeandika, usimwambie aweke dole gumba kwenye skrini kana kwamba inachukua alama, kwa sababu kwenye fomu hizi utapata mchoro wa doa tu. Tumia kidau cha wino na karatasi ndogo, uipige picha, na shahidi asiye mtu wa mradi aweke sahihi yake kwenye fomu. Halafu kagua simu zenyewe: baadhi hubakiza nakala ya picha kwenye hifadhi ya kawaida ya picha, na hapo mtoto wa mhudumu ataiona.

ODK Collect, yaani programu ya kujazia fomu za ODK kwenye simu, na KoboCollect iliyotokana nayo, zinaweza kuandika muda uliotumika kwenye kila swali. Unaongeza tu mstari wa aina ya audit kwenye fomu. Nilipoiwasha niliona mhudumu mmoja anapita skrini zote za ridhaa kwa sekunde chache. Nilikasirika, nikafunga safari kwenda kumwona akifanya kazi. Alibisha hodi, akasalimia, akakaa kwenye mkeka, akaeleza kila kitu kwa utulivu simu ikiwa mfukoni, akajibu maswali, ndipo akaitoa na kubonyeza. Akaniambia kwamba wazee hawapendi kijana anayeongea nao huku macho yakiwa kwenye simu. Alikuwa anaifanya kazi vizuri kuliko wote. Tulibadilisha fomu imfuate yeye: skrini ya kwanza ikawa na vichwa vya mambo sita ya kueleza, na ruhusa ya kueleza bila kushika simu. Kwa hiyo soma namba hizo ukiwa umewahi kukaa kwenye huo mkeka. Na wahudumu waambiwe kwamba muda wao unaandikwa, maana nao ni watu wenye haki ya kujua.

Sheria zisome mwenyewe, usingoje kusimuliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, inayomtwika mwenye kukusanya taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Ndiyo maana kila fomu lazima ibebe namba ya toleo la maelezo yaliyosomwa. Ukibadilisha sentensi mwezi Juni, uweze kuonyesha aliyekubali mwezi Machi alisomewa nini. Kama kazi ni utafiti, maneno yaliyopitishwa na kamati ya maadili hayaguswi bila kuomba marekebisho, hata koma. Na umri usiufunge kwenye 18 kila mahali kwa mazoea: Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya VVU na UKIMWI ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia kupima VVU bila mzazi, wakati mambo mengine bado yanamhitaji mzazi au mlezi.

Jambo ambalo nililiona nikiwa nimechelewa ni kwamba karatasi ilikuwa na nakala, na nakala ile ilibaki kwa mgonjwa, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Fomu ya simu inaondoka na mhudumu, na mgonjwa habaki na kitu. Mzee mmoja alitaka kujitoa, akahangaika wiki tatu, kwa sababu hakuwa na namba ya kupiga na mhudumu wake alikuwa amehama. Alipotupata, ilibainika kwamba hata sisi hatukuwa na mahali pa kuandika kujitoa. Jina lake liliendelea kutokea kwenye orodha ya kutembelewa, na mtu alifika tena mlangoni kwake.

Tulichapisha kadi ngumu yenye jina la mradi, mambo aliyoyakubali yakiwa yamewekewa alama, na namba ya simu ya kujitoa. Tukaunda fomu fupi ya kujitoa yenye maswali matatu, inayoondoa jina kwenye simu ya mhudumu mara tu anapopata mtandao, na mahali pasipo na mtandao msimamizi anampigia siku hiyo hiyo. Sasa kabla fomu yoyote haijaenda kijijini naijaza mara tatu kwa mkono wangu: mara moja nikikataa, mara moja nikiomba muda, mara moja nikikubali kisha nikijitoa kesho yake. Halafu naipiga ile namba iliyo kwenye kadi, jioni, kwa simu ambayo ofisini hawaijui, nione kama inapokewa.