Siku zinazopotea bandani: kwa anayeanza kufuga ng'ombe wa maziwa

Wewe uliyeanza na ng'ombe wawili watatu na unaota kumi, kabla hujatafuta pesa ya kununua mwingine, nunua daftari. Hapa Rungwe nilifuga miaka kadhaa idadi ikiwa ileile, nikilaumu majani na mbegu, kumbe nilikuwa napoteza siku.

Mimba ni miezi 9 na siku chache. Ukitaka azae kila miezi 12 au 13, lazima ashike ndani ya miezi 3 au 4 baada ya kuzaa. Joto, yaani hamu ya kupandwa, hurudi kila siku 21 hivi; likikupita moja, umelisha wiki 3 bure. Nina ng'ombe mweusi asiyelia wala kusumbua hata siku moja. Nilimgundua alfajiri, kabla ya kukamua: ute mwembamba kama wa yai unaning'inia, nywele za shina la mkia zimesuguliwa, naye katulia tuli mwenzake akimpanda. Anayetulia apandwe ndiye mwenye joto. Jioni ile mhimilishaji, mtaalamu wa kupandisha kwa mrija, alikuja, na ng'ombe akashika mimba. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe asubuhi. Basi kaa bandani dakika 20 alfajiri na usiku, wakiwa hawali.

Piga hesabu. Ng'ombe 10 wakizaa kila miezi 18, kwa mwaka unapata ndama 6 au 7, majike 3 hivi. Mmoja afe kwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe, uuze wazee wawili, umerudi palepale. Haohao wakizaa kila miezi 13 wanakupa ndama 9.

Ila ndama jike aliyekufa hahesabiwi. Mpe dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, mapema, lita 3 hivi ndani ya saa 6 za kwanza, na tafadhali usimpunje maziwa ili uuze lita mbili zaidi. Aliyepunjwa huchelewa kukua, na mtamba, jike ambaye hajazaa, hupandishwa kwa uzito: afikie kama asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima, na akilishwa vizuri hufika hapo kwenye miezi 15. Pacha jike aliyezaliwa na dume usimweke kama mtamba, karibu wote ni tasa.

Na tarehe ya kupandisha iandike hapohapo, mhimilishaji akiwa bado ananawa mikono. Siku ya 21 mwangalie tena. Asipoonyesha joto, usishangilie bado. Kwenye miezi 2 au 3 mwite mtaalamu apime mimba.