Kurudi Dar kutoka Uingereza: kontena zima au la kuchangia?

Dada, kwa vitu ulivyotaja (friji, mashine ya kufulia, kochi na maboksi ya vitabu), kontena zima la futi 20 ni kutupa hela. Linabeba kama mita za ujazo 33, na wewe hata 10 hufikishi. Changia na wengine, ulipie nafasi yako tu. Ubaya wake ni kusubiri lijae, na mwenzako mmoja akiwa na makaratasi mabovu, mzigo wako nao unaweza kukwama.

Friji na mashine beba. Umeme wa huko na wa Bongo ni volti 230, na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa. Ungekuwa unatoka Marekani ningekwambia uza. Kochi achana nalo, mafundi seremala wa Keko, hapo Dar, watakuchongea la mninga.

Kuhusu ushuru: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe vyombo vya nyumbani ulivyokuwa unavitumia kule, ukiwa unahamisha makazi kweli. Ila mzigo unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu ufike wewe. Zaidi ya hapo ni mpaka uombe kuongezewa muda. TV mpya ndani ya boksi la dukani itazua maswali tu.

Kwenye orodha ya mzigo usiandike “vitu vya nyumbani”. Andika “boksi la 4: sufuria 3, birika, sahani 12”. Na wakala wa forodha mtafute meli ikiwa bado baharini, maana gharama za kuhifadhi mzigo bandarini hazikusubiri.